Mbegu za papai kwa tilapia yako

Wandugu wa Bukavu, kama kidimbwi chako cha samaki wa tilapia kinajaa vitoto vyembamba ni sababu majike yanazaa ovyo. Mbegu za papai, zile zenye watu wa Kadutu wanatupa, osha utelezi wote, anika kivulini mpaka ukivunja kwa kidole inalia ka!, twanga, chekecha, changanya na chakula. Ila muelewe vizuri: papai inapunguza uzazi tu, na usiwape wale samaki unaoweka kwa kuzalisha vitoto. Kutafuta vitoto vingi viwe madume ni kazi ingine, watu wamejaribu mbigili, ule mmea wa miiba, na lazima uilishe vitoto vingali vidogo kabisa, wiki 3 ama 4 za kwanza, ukichelewa jinsia imeshajipanga. Beseni moja ya vitoto uiache bila dawa, halafu ulinganishe hesabu ya madume: chini ya tumbo dume iko na matundu mawili, jike matatu.