Kufunga darubini ya inchi 12 na kunyoosha vioo vyake: pima leza kwanza

Mwezi uliopita nilikuwa Singida kumsaidia mwalimu mmoja wa fizikia, shule yao ilipewa darubini kubwa ya vioo, inchi 12, ile ya mabomba inayokaa kwenye kiti cha mbao. Alikuwa ameshaifunga mwenyewe, ameangalia Zohali, na alichoona ni doa la njano lisilo na ukingo. Akaniambia kaka, hii kitu tumepewa mbovu. Haikuwa mbovu. Vioo ndo havikuwa vimeelekezana sawa, kwa sababu leza, kale kakifaa ka mwale mwekundu ka kunyooshea vioo, yenyewe ilikuwa imepinda. Tatizo lilikuwa lile lile lililonitesa mimi na darubini yangu usiku mbili nzima, kwa hiyo nimeona niandike yote hapa ili mwingine asipite huko.

Darubini ninayozungumzia ina kioo kikuu cha sentimita 30 na mwanga unakutana milimita 1500 mbele yake, yaani f/5 (1500 gawanya kwa 300). Mpangilio wa vioo ni ule ule wa Newton wa 1668: mwanga unashuka mpaka kioo kikuu kilichobonyea kule chini, unarudi juu ukijikusanya, kioo kidogo kilicholala nyuzi 45 kinautupa pembeni kwenye fokasa unapochungulia. Kiti chake ni cha John Dobson, yule mtawa wa zamani wa San Francisco aliyetaka watu wa kawaida wawe na darubini kubwa bila kutumia hela nyingi. Kwa sisi wa huku karibu na ikweta kiti hiki ndo chenyewe, unasukuma kwa mkono juu chini kushoto kulia basi. Zile stendi zinazotaka uelekeze kwenye nyota ya kaskazini sizipendi kabisa, ukiwa Singida hiyo nyota iko chini ya upeo wa macho, utaelekeza wapi?

Hatua ya 1: Kiti

Fuata karatasi iliyokuja nayo. Mbao zake ni chipubodi, kwa hiyo skrubu ikishafika mwisho acha, ukilazimisha uzi unasagika ndani na haushiki tena. Kaza kwa elenki ya mkono (ule ufunguo wa pembe sita uliopinda kama L), drili weka pembeni. Sehemu utakayoweka kiti iwe udongo au majani, siyo zege, zege linatoa joto la mchana mpaka saa nne za usiku na picha inacheza kama unaangalia juu ya jiko.

Hatua ya 2: Mabomba na kichwa

Sanduku la chini lenye kioo kikuu likae kwenye kiti kwanza, mfuniko wa kioo usiutoe. Panga mabomba yote, weka juu kichwa, ile sehemu yenye kioo kidogo na fokasa, skrubu zote ziwe legelege kwanza, afu kaza kwa msalaba kama nati za tairi, kidogo hapa kidogo upande wa pili, mpaka zote zishike. Ukikaza moja mpaka mwisho ndo uende nyingine kichwa kinakaa upande.

Halafu chukua rangi ya kucha, weka alama kila bomba na tundu lake: nukta moja, nukta mbili, nukta tatu. Siku ukifungua kusafiri na kufunga tena, kila bomba likirudi kwake vioo vinarudi karibu kabisa na vilipokuwa. Mimi hii inaniokolea robo saa kila safari.

Jamani, jua. Kioo cha sentimita 30 kikiangaliwa na jua bila mfuniko kinakusanya moto wa kuchoma mbao, nguo, na jicho la mtoto anayepita. Kazi ya kunyoosha vioo fanyia ndani au jioni jua likishazama, na mchana mfuniko usitoke. Kwenye shule hili liwe sheria na ufunguo akae nao mtu mmoja.

Hatua ya 3: Kioo kidogo kikae katikati ya fokasa

Laza darubini iwe karibu mlalo. Hii ni lazima, sababu unafanya kazi na elenki juu ya kioo kikuu na ikikuponyoka inatua juu yake. Mimi elenki naifunga uzi kwenye kifundo cha mkono. Kumbuka pia hivi vioo siyo kama cha kunyolea ndevu, aluminiamu yake imepakwa juu ya kioo, siyo nyuma, kwa hiyo kidole chako kinagusa aluminiamu yenyewe.

Sasa ukichungulia kwenye fokasa bila lenzi utaona viakisi ndani ya viakisi, mduara ndani ya mduara, na hapo watu wengi wanakata tamaa. Dawa yake ni karatasi za manila. Kata nyekundu, iweke ndani ya kichwa upande ulio mkabala na fokasa, nyuma ya kioo kidogo. Kata nyeupe, iweke kati ya kioo kidogo na kioo kikuu ili kioo kikuu kisionekane. Chungulia tena: unaona duara jeupe kwenye uwanja mwekundu, hakuna kingine. Hilo duara jeupe ndo kioo kidogo. Unachotaka ni vitu viwili tu, liwe duara kamili siyo yai, na liwe katikati ya bomba la fokasa.

Likiwa yai, zungusha shina la kioo kidogo taratibu. Likiwa limesogea kuelekea kioo kikuu au mbali nacho, ni ile skrubu kubwa ya kati, lakini ukiilegeza shika kishikio kwa mkono mwingine, kisije kikadondoka. Hii hatua ikishakaa vizuri hutairudia mwaka mzima.

Hatua ya 4: Leza, na hapa naomba usome yote

Leza inaingia kwenye fokasa, inagonga kioo kidogo, inashuka kioo kikuu. Katikati ya kioo kikuu kiwandani walibandika kaduara kadogo. Unarekebisha zile skrubu tatu ndogo za kioo kidogo, legeza moja kaza mwenzake, mpaka nukta nyekundu iingie ndani ya kaduara. Ndivyo kila mtu anavyoelekeza na ni kweli, IKIWA leza yako yenyewe imenyooka.

Na leza nyingi za bei ya chini hazijanyooka. Ule mwale ndani ya kasha umekaa upande kidogo, kwa macho huuoni. Sasa fikiria kinachotokea. Leza inatoka upande, wewe unapinda kioo kidogo kufuata makosa ya leza mpaka nukta ifike katikati, unapinda na kioo kikuu mpaka mwale urudi kwenye tundu lake, kila kitu kinaonekana safi kabisa, nukta imekaa pale pale, na vioo vyote viwili vimepinda. Kifaa chenyewe kinakuhakikishia kazi imeisha. Mimi usiku wa kwanza nilirudia mara sita, usiku wa pili nikafungua kioo kikuu nikadhani kimebanwa na vishikizo vyake, nikavilegeza, nikafunga, na bado nyota zote zilikuwa na mkia upande mmoja kama zimepulizwa na upepo. Mwalimu naye ilikuwa vile vile, aliniuliza kaka mbona leza inasema sawa? Nikamwambia Mwalimu, tuanze na leza, darubini iache.

Kuipima ni hivi. Chukua kipande cha ubao, pigilia misumari minne, miwili miwili iliyokaa kama herufi V, jozi ya mbele na jozi ya nyuma. Laza leza juu ya hizo V mbili kama mtu aliyelala kwenye kitanda cha kamba. Elekeza ukutani umbali wa mita 7 au 8, sisi tulitumia darasa lote kuanzia ubaoni mpaka ukuta wa nyuma. Weka alama ya chaki pale nukta inapotua. Sasa zungusha leza kwenye misumari bila kuisogeza mbele wala nyuma, polepole, na mtu mwingine ukutani afuate nukta kwa chaki. Leza nzuri nukta inabaki pale pale. Ya Mwalimu ilichora duara la upana wa kiganja.

Usifanyie hili zoezi kwenye fokasa. Leza inacheza ndani ya fokasa, ukizungusha hujui kilichosogea ni mwale au ni kasha. Na macho ya watu yasiwe usawa wa mwale, wanafunzi wakae nyuma yako.

Kurekebisha: pembeni ya kasha la leza kuna vitundu vitatu, mara nyingi vimezibwa kwa gundi laini ya mpira. Itoe kwa ncha ya pini, ndani utaona skrubu ndogo sana za elenki. Angalia nukta iko wapi, geuza leza nusu mzunguko, nukta itahamia upande wa pili. Sasa kwa skrubu zile ilete nukta KATIKATI ya hizo sehemu mbili, siyo kuirudisha ilipoanzia. Hapa ndo wengi wanakosea, wanairudisha mwanzo, wanageuza tena, imekimbia, wanafukuzana nayo mpaka usiku. Ni nusu ya njia tu. Rudia mara nne tano, duara litakuwa linapungua, likifika ukubwa wa nukta yenyewe acha, ziba vitundu kwa gundi. Zile skrubu usizikaze kwa nguvu, uzi wake ni mwembamba. Sisi ilituchukua dakika arobaini hivi, tukiwa na chai.

Jambo jingine hapo hapo: hata leza iliyonyooka, ukiibana kwenye fokasa kwa skrubu moja inasukumwa upande na inainama. Isukume kwa kidole ikae flati kwenye mdomo wa fokasa, ndo ubane, na ubane hivyo hivyo kila siku, skrubu ile ile.

Hatua ya 5: Kioo kikuu

Leza itoe. Najua maelekezo mengi yanasema uangalie mwale unaporudi kwenye leza, mimi siamini njia hiyo kwa kioo kikuu, kosa dogo lililobaki kwenye kioo kidogo linaingia humo humo. Tumia Cheshire, ni kibomba tu chenye tundu la kuchungulia na uso mweupe uliokatwa mshazari, hakina betri, hakina mwale, hakuna cha kupinda. Kama una lenzi ya Barlow, ile ya kuongeza ukuzaji, unaweza kuweka leza ndani yake, mwale unatawanyika na kivuli cha kale kaduara kinarudi usoni mwa leza, hiyo nayo naikubali. Lakini ukiwa na hela ya kitu kimoja, nunua Cheshire.

Ukichungulia utaona duara jeupe na kaduara ka kioo kikuu, kaingize katikati yake. Nyuma ya kioo kuna skrubu tatu zenye springi na tatu za kufungia. Za kufungia legeza zote. Muwe wawili, mmoja achungulie mwingine azungushe, mkono wako haufiki kule chini jicho likiwa huku juu. Robo mzunguko, sema, robo mzunguko, sema. Ukimaliza, zile za kufungia zikaze kidogo sana huku unachungulia, kwa sababu zinasukuma kioo na kazi yako inaharibika dakika ya mwisho.

Kwa nini usumbuke kiasi hiki? Kwenye f/5 eneo lenye picha safi kabisa pale lenzi inapokaa lina upana wa kama milimita 2.7 tu, karibu na upana wa punje ya mchele. Darubini ya f/8 ina karibu milimita 11, ndo maana mwenye nayo anakwambia mbona mimi sijawahi kuhangaika.

Utaona pia kivuli cha kioo kidogo hakijakaa katikati kabisa, kimesogea kidogo kuelekea kioo kikuu. KIACHE. Kwenye darubini ya f/5 ndivyo kinavyotakiwa kuwa, ukianza kukivuta katikati unavunja kila ulichofanya.

Hatua ya 6: Nyota yenyewe iseme

Acha darubini nje saa nzima au zaidi, kioo kinene kinapoa taratibu, kama kina feni iwashe. Chagua nyota iliyo juu angani, isiwe juu ya mapaa ya nyumba, mabati yanatema joto. Mwezi wa saba usiku wa mapema moyo wa Ng'e, yaani nyota Antares, unafaa, uko juu sana. Weka lenzi ya milimita 6, hapo unakuza mara 250, weka nyota katikati kabisa ya uwanja, afu zungusha fokasa nyota ififie kidogo tu. Utaona pete ndogo ndogo zimezungukana. Zikiwa na kitovu kimoja, umemaliza. Zikiwa zimebanana upande mmoja, gusa skrubu ya kioo kikuu kidogo sana, rudisha nyota katikati, angalia tena. Nyota ikiwa pembeni ya uwanja pete zinapinda hata kama vioo vimenyooka, kwa hiyo usihukumu kabla hujairudisha katikati.

Usiku ule saa sita kasoro Mwalimu aliweka Zohali, akanyamaza muda mrefu, akaniita nione kivuli cha sayari kilivyolalia pete zake. Ni darubini ile ile ya wiki iliyotangulia.

Vumbi

Singida kiangazi vumbi lipo. Usifute kioo. Vumbi kiasi halionekani kwenye picha, mikwaruzo ya kitambaa ndo haitoki tena. Weka mfuniko ukimaliza, basi.

Ukishafika hapa, kila jioni ni kuchungulia Cheshire dakika mbili na kugusa kioo kikuu kidogo. Leza tumeibandika plasta na kuandika tarehe tuliyoipima, na ule ubao wa misumari unakaa kwenye sanduku moja nayo, maana ikidondoka au ikipanda gari la barabara ya vumbi inarudi kwenye misumari kwanza kabla haijaingia kwenye fokasa.