Somo: "kama" yetu moja na njia zake nyingi kwa Kiingereza

Somo hili wameliomba vijana wanaoongoza wageni kwenye mapango ya Amboni, pamoja na wanafunzi wa kidato cha nne hapa Tanga mjini. Shida yao ni moja. Kwa Kiswahili, ukiwa na "kama" na "kuliko" umeshamaliza kazi. Kiingereza kinataka uamue kwanza unalinganisha kwa namna gani, ndipo ufungue mdomo. Chukueni daftari.

Hatua ya 1: amua. Kitu kimoja kinakizidi kingine? Viko sawa? Vinafanana tu? Au vinatofautiana? Usianze kutafuta maneno kabla hujajibu hilo.

Hatua ya 2: kikizidi. Kwetu sifa haibadiliki: mrefu ni mrefu, hata ukiongeza kuliko. Ndiyo maana wengi huandika "Kilimanjaro is high than Mount Meru". Neno "than" peke yake halitoshi, sifa nayo lazima igeuke: "Kilimanjaro is higher than Mount Meru." Maneno mafupi hupokea -er: tall, taller, hot, hotter. Yanayoishia kwa y, y hiyo hugeuka i: easy, easier. Marefu hayaguswi, hutanguliziwa "more": "Boats are more expensive than bicycles." Good huwa better na bad huwa worse, hayo ni ya kukariri. Wapenzi wa "more better" mpo wengi. Iacheni, maana zaidi imeshakaa ndani ya better. Ukitaka kutia mkazo, sema "much": "Lushoto is much cooler than Tanga." Kamwe si "very cooler".

Hatua ya 3: vikiwa sawa. Hapa sifa inarudi kwenye umbo lake la kawaida, nayo hukaa katikati ya as mbili: "My bicycle is as old as yours." Wengi huisahau as ya kwanza. Kukanusha ni rahisi: "Pemba is not as big as Unguja." Ukitaja mara ngapi, idadi hutangulia: "This sack is twice as heavy as that one." Kwa vitu vinavyohesabika sema "as many oranges as", kwa visivyohesabika "as much water as".

Hatua ya 4: vikifanana. Hapa kosa kubwa ni "na". Tunasema sawa na, fanana na, basi tunaandika "same with" na "similar with". Andika "the same as" na "similar to". Kitenzi resemble hakitaki kihusishi chochote: "She resembles her aunt." Alike huja mwishoni, haitangulii nomino: "The two dhows are alike", wala si "two alike dhows". Kwa sura kuna "look like", na kwa mtoto aliyerithi sura au tabia ya mzazi kuna "take after": "He takes after his grandfather."

Hatua ya 5: like na as. Hapa tukae kidogo. Angalia sentensi hizi mbili: "He works as a fisherman." Huyu ni mvuvi kweli, ndiyo kazi yake. "He swims like a fish." Huyu si samaki, anafananishwa tu. Sasa mtu akikuambia "As your elder brother, I must warn you", ni kaka yako. Akisema "Like your elder brother, I must warn you", maana yake kaka yako alishakuonya, na yeye, mtu mwingine, anakuonya vilevile. Herufi chache, ukoo umebadilika.

Ikifuata sentensi kamili, tumia as: "Do as I told you." Mitaani Waingereza na Wamarekani wenyewe husema "like I told you", lakini kwenye mtihani usijaribu. "Kana kwamba" ni as if: "He walks as if he owned the whole of Ngamiani." Kutoa mifano ni such as: "We sell fish such as changu and tasi." Na kama ya masharti haimo kabisa katika somo hili. "Kama mvua ikinyesha" ni if.

Hatua ya 6: tofauti. Sema "different from". Prefer hufuatwa na to, si than: "I prefer tea to coffee." Basi.

Waongoza wageni, kuna misemo ya kudumu ambayo huwezi kuipata kwa kutafsiri. "As cool as a cucumber" ni mtu mtulivu, hana papara, wala si mtu anayehisi baridi. "As blind as a bat" mtaisikia sana pale Amboni popo wakiruka. Ni msemo tu, popo wanaona.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Ni "taller than me" au "taller than I"?
Marahaba. Zote zipo, ila ya pili peke yake inasikika ya kizamani. Kwenye mtihani andika "taller than I am". Angalia tu utata: "I help Mother more than my sister" ina maana mbili. Je, unamzidi dada kwa kumsaidia mama, au unamsaidia mama kuliko unavyomsaidia dada? Ukiongeza "does" mwishoni, ni ile ya kwanza.

Niko Pangani. Mgeni aliniuliza "What is your village like?" nikajibu "Yes, I like it." Akacheka. Kwa nini?
Alikuuliza kijiji chenu kikoje. Like hiyo si ya kupenda. Ungejibu "It is small and quiet." "What does he look like?" huuliza sura, na "How is he?" huuliza hali yake.

"Kadiri unavyo... ndivyo..." inasemwaje?
"The" mara mbili, kila moja na sifa iliyogeuzwa: "The longer you boil the octopus, the softer it gets."

Mwalimu, nisahihishie: "My young brother is more fat than me since he came from Korogwe."
Mdogo wako ni "younger brother", maana umri wake unalinganishwa na wako. "More fat" ni fatter. Halafu tenganisha mambo mawili, ulinganisho na alivyobadilika: "My younger brother has put on weight since he came back from Korogwe. He is bigger than me now." Fat nimeiondoa makusudi. Huku ukimwambia mtu amenenepa anashukuru, lakini mgeni wa Kizungu ukimwita fat atanuna.