Swapu kwenye Linux: kuikagua, kuiongeza na kuitoa kwa komandi tu

Programu inakufa yenyewe katikati ya kazi, haitoi eror ya maana, kwenye terminali limebaki neno moja tu, Killed. Wengi wakiona hivyo wanadhani programu ni mbovu wanaanza kuifuta na kuiweka upya, kumbe mara nyingi ni kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux, imeamua kuua kitu ili mashine isizimike manake memori imeisha. Hakikisha kwanza:

sudo dmesg -T | grep -i "out of memory"

Ukiona mstari unaotaja jina la programu yako, basi tatizo ni memori, na hapo ndo swapu inaingia. Swapu ni nafasi kwenye diski ambayo kerneli inapeleka vitu vya kwenye RAM ambavyo havijaguswa muda mrefu ili RAM ipumue. Inaweza kuwa patisheni nzima (kipande cha diski kilichotengwa) au faili la kawaida, Ubuntu kwa mfano tangu toleo la 17.04 inatumia faili, na mi nakushauri faili kwa sababu unaweza kulikuza au kulipunguza bila kugusa patisheni.

Ila kabla hujaongeza chochote angalia una nini:

free -h
swapon --show

Kwenye free watu wanashtuka wakiona safu ya free ina namba ndogo, usiiangalie hiyo, angalia available. Linux inatumia RAM iliyolala kama kashe ya mafaili na inaiachia ikihitajika, kwa hiyo free kuwa ndogo ni kawaida kabisa. Na swapon --show isipotoa kitu chochote ujue huna swapu.

Sasa hapa naomba utulie kidogo kwa sababu ndo sehemu watu wanairuka. Kuona swapu imetumika giga 1 au 2 sio ugonjwa, inawezekana ni vitu vilivyopelekwa huko tangu jana na hakuna anayevihitaji. Ugonjwa ni pale vitu vinapoingia na kutoka muda wote. Andika

vmstat 1

halafu tazama safu mbili, si na so. si ni kinachorudi kutoka swapu kuja RAM kila sekunde, so ni kinachoenda. Mstari wa kwanza uache, ni wastani tangu mashine iwake, soma kuanzia wa pili. Zikiwa 0 0 0 na mara mojamoja kanamba kanatokea, uko salama. Ila zote mbili zikiwa na maelfu mfululizo na wakati huohuo mausi inakwama na taa ya diski haizimi, hapo RAM yako imezidiwa kweli na kuongeza swapu hakutaifanya iwe na kasi, itazuia tu programu zisiuawe, dawa ni kupunguza unachofungua au kuongeza RAM yenyewe.

Kiasi gani? Ile kanuni ya mara mbili ya RAM ni ya zamani, RAM zilipokuwa ndogo. Kwa mashine ya giga 8 mi naweka giga 4 na inatosha, ila kama unatumia haibaneti weka angalau sawa na RAM kwa sababu memori inahifadhiwa humo wakati mashine imezimwa.

Haya tutengeneze. Angalia diski ina nafasi (df -h /) kisha:

sudo fallocate -l 4G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Hiyo chmod usiiache, ndani ya swapu kunaweza kuangukia chochote kilichokuwa kwenye memori, paswedi zikiwemo, hakuna sababu ya mtumiaji mwingine kuweza kulisoma. Na ikitokea swapon inalalamika kwamba faili lina matobo, yaani holes, lifute na ulitengeneze kwa dd badala ya fallocate, inachukua muda zaidi lakini inaandika kila kipande kweli:

sudo dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=4096 status=progress

halafu endelea na chmod, mkswap na swapon kama kawaida. Wenye Btrfs (aina nyingine ya mfumo wa mafaili) njia yenu ni nyingine, faili la swapu haliruhusiwi kuwa na copy-on-write, tumieni sudo btrfs filesystem mkswapfile --size 4g /swapfile kama btrfs-progs zenu ni 6.1 au mpya zaidi, hiyo inamaliza kila kitu inabaki swapon tu.

Mpaka hapa swapu inafanya kazi ila ukiristati inapotea. Ili idumu lazima iandikwe kwenye fstab, faili ambalo mashine inalisoma ikiwaka kujua diski na swapu za kuwasha, na tafadhali anza na kopi:

sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.bak
echo '/swapfile none swap sw 0 0' | sudo tee -a /etc/fstab

Hiyo -a ndo kila kitu. Bila hiyo tee inafuta faili lote na kubakiza mstari wako peke yake. Ilishanitokea, nikafungua fstab nione kama imekaa vizuri nikakuta mstari mmoja tu, mistari ya diski zote haipo, na kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa sijaristati na kopi ninayo. Tangu siku hiyo siristati kabla ya kupiga

sudo findmnt --verify

inakwambia kama kuna mstari wenye kasoro.

Kuna namba nyingine inaitwa swappiness, kwa kawaida ni 60. Wengi wanaamini maana yake ni swapu inaanza RAM ikifika asilimia fulani, sio hivyo. Inaiambia kerneli ikibanwa ipendelee kutoa nini, kashe ya mafaili au memori za programu, na ikiwa ndogo inaziacha programu kwenye RAM muda mrefu zaidi. Kwa mashine ya mezani mi naweka 10:

echo 'vm.swappiness=10' | sudo tee /etc/sysctl.d/99-swappiness.conf
sudo sysctl --system

Hapa -a haihitajiki maana faili ni jipya.

Ukitaka kubadilisha ukubwa, izime kwa sudo swapoff /swapfile, futa faili la zamani, tengeneza jipya kwa saizi unayotaka, rudia hatua zilezile, fstab huigusi. Lakini kabla ya swapoff linganisha used ya swapu na available ya RAM, kwa sababu kila kilichomo lazima kirudi kwenye RAM, kisipotoshea itagoma au kerneli itaanza tena kuua programu. Na inaweza kuchukua dakika kadhaa ukadhani imeganda, usiikatize, fungua terminali nyingine na vmstat 1 utaona si inakimbia, maana yake kazi inaendelea.

Kuitoa kabisa:

sudo swapoff /swapfile

kisha futa ule mstari kwenye fstab, kisha sudo rm /swapfile. Mstari usiuache, hasa kama ilikuwa patisheni, mashine itakaa sekunde 90 hivi kila ikiwaka ikisubiri kifaa ambacho hakipo.

Na kama unataka kujua nani hasa amejaza swapu, kerneli inaandika kwa kila programu:

grep VmSwap /proc/[0-9]*/status | sort -k2 -n | tail

Wa mwisho kabisa ndo mlaji mkubwa, namba iliyo kwenye njia ya faili ni PID yake, yaani namba ambayo kerneli inaitambulia programu hiyo. Tuseme ni 2314, andika ps -p 2314 -o comm= upate jina lake, mara nyingi utakuta ni brauza yenye tabu ulizozisahau, zifunge halafu rudi kwenye free -h uone available imepanda kiasi gani.