Mashine inajizima baada ya kuhamia Windows 11? Usikimbilie kupiga Windows upya

Tangu Microsoft isitishe huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wamehamia Windows 11. Baadhi yao mashine zinaganda, zinajizima na kujiwasha, au zinaleta skrini ya bluu (kwenye matoleo mapya ni nyeusi). Ushauri wa kwanza wanaopewa ni "piga upya". Unaumiza, maana mafaili yanapotea, na draiva (programu inayoendesha kifaa kama kadi ya grafiki au Wi-Fi) ikiwa mbovu na ikirudishwa, tatizo linarudi nayo.

1. Hesabu siku. Una siku 10 tu za kurudi Windows 10 bila kupoteza mafaili yako, kupitia Settings, System, Recovery, kitufe cha Go back. Mfumo wa zamani umehifadhiwa kwenye folda ya Windows.old, kwa hiyo usiifute hata kama diski imejaa. Nakili kazi zako kwenye flashi au diski ya nje leo hii, kabla ya kugusa kitu kingine.

2. Soma jina la kosa. Piga picha skrini kwa simu. VIDEO_TDR_FAILURE inaelekeza kwenye draiva ya grafiki. DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL mara nyingi ni draiva pia, na likitajwa faili lenye mwisho wa .sys, hilo ndilo la kulifuatilia. Ikikupita, bonyeza Windows + R, andika `perfmon /rel`, utaona alama nyekundu kwenye siku ambazo mashine ilianguka.

3. Ingia Safe Mode, yaani Windows inawaka na vitu vya lazima tu. Shikilia Shift huku ukibonyeza Restart, kisha Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu 4. Ukiombwa ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows linalolinda diski), uutafute kwanza kwenye akaunti yako ya Microsoft. Mashine ikitulia humo, mtuhumiwa ni draiva au programu inayowaka pamoja na mfumo.

4. Shughulikia draiva. Hapa ndipo kesi nyingi ninazopokea zinapoishia. Chukua draiva za grafiki, Wi-Fi na chipseti kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mashine, kwa modeli yako kamili. Kama matatizo yalianza baada ya draiva mpya kuingia, fungua Device Manager, bofya kulia kifaa husika, nenda Properties, Driver, kisha Roll Back Driver. Programu zinazojitangaza kutafuta draiva zote zenyewe ziache kabisa. Nimezikuta zimeweka draiva ya modeli nyingine. Antivirusi ya zamani nayo iondoe.

5. Rekebisha mafaili ya mfumo. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`. Inahitaji intaneti, na inaweza kusimama kwenye asilimia ileile kwa muda mrefu, isubiri. Ikimaliza, `sfc /scannow`.

6. Pima RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine). Bonyeza Windows + R, andika `mdsched.exe`.

Maswali ya wanachama

Swali: Laptopu yangu ni Core i5 kizazi cha 6. Fundi aliruka masharti akaweka Windows 11, sasa inaganda kila siku.

Jibu: Pole sana. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Mtengenezaji huenda hana draiva za Windows 11 za modeli yako. Ningerudi Windows 10 na kujiandikisha kwa masasisho ya usalama ya ziada, yanayofika Oktoba 2026, au ningeweka Linux Mint, mfumo mwingine wa bure.

Swali: Nina siku ya tano tu lakini Go back haibonyezeki. Nilisafisha diski juzi.

Jibu: Basi Windows.old imeondoka, na njia hiyo imefungwa. Endelea na hatua ya 2 hadi 6. Ikishindikana, kurudi kutakuwa kwa kupiga upya, kwa hiyo nakili mafaili kwanza.

Swali: Yangu inazima ghafla nikiangalia video, haileti skrini yoyote. Kwenye kumbukumbu za matukio ya Windows (Event Viewer) naona kosa la Kernel-Power 41.

Jibu: Namba 41 inasema tu kwamba mashine ilizimika bila utaratibu, haitaji chanzo. Kuzima ghafla hivyo kunanifanya nishuku joto au umeme kabla ya Windows. Gusa upande wa chini wa mashine inapofanya kazi. Ikiwa inaunguza, safisha vumbi kwenye feni na ubadilishe pesti ya kupoza prosesa. Kama haina joto, jaribu chaja nyingine ya wati zilezile.