Jinsi ya kutengeneza tovuti nzuri ya mradi wa programu huria

Mtu anayefungua tovuti ya programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuubadilisha, kwa mara ya kwanza hutaka kujua mambo machache: programu hii inafanya kazi gani, itakubali kwenye kompyuta yake, inapatikana wapi, na faili atakalopakua linaaminika kiasi gani. Watunzaji wengi wa miradi huanzia kwingine kabisa, kwenye nembo, rangi na historia ya jinsi mradi ulivyozaliwa, ilhali hayo yote yanaweza kungoja mpaka maswali ya mgeni yawe yamejibiwa.

Anza kwa kuandika sentensi moja itakayokaa juu kabisa ya ukurasa wa mwanzo. Sentensi kama «suluhisho la kisasa la kusimamia muziki wako» haimwambii mtu lolote, kwa kuwa ingeweza kubandikwa kwenye programu mia tofauti. Linganisha na hii: «Programu hii husoma faili za MP3, FLAC na Ogg zilizomo kwenye kompyuta yako, huzipanga kwa msanii na albamu, na hufanya kazi kwenye Linux, Windows na macOS.» Msomaji wa sentensi ya pili anajua papo hapo kama abaki au aende zake, na hata akienda hajapotezewa muda. Chini yake weka picha moja ya skrini inayoonyesha programu ikiwa kazini, yenye data inayofanana na ya mtumiaji halisi, na uibadilishe kila sura ya programu inapobadilika. Ikiwa ni programu ya mstari wa amri, inayoendeshwa kwa kuandika maneno badala ya kubofya, onyesha amri moja pamoja na matokeo yake.

Leseni itajwe kwa jina kamili kwenye ukurasa huohuo. Usiseme tu kwamba programu ni ya GPL, mojawapo ya leseni maarufu za programu huria, kwani kuna tofauti kubwa ya kisheria kati ya «GPL toleo la 2 pekee» na «GPL toleo la 2 au lolote la baadaye»: msimbo wa aina ya kwanza hauwezi kuunganishwa katika programu moja na msimbo wa GPL toleo la 3, na mtu anayetaka kutumia kazi yako ndani ya kazi yake anahitaji kulijua hilo kabla hajaandika mstari hata mmoja.

Sehemu ya kupakua ndiyo inayostahili uangalifu kuliko nyingine zote. Kitufe kiwe kimoja kwa kila mfumo wa uendeshaji, kikiandamana na namba ya toleo, tarehe lilipotolewa na ukubwa wa faili, na kusiwe na tangazo la biashara lolote karibu nacho. Mwaka 2013 mradi wa GIMP, programu ya kuhariri picha, uliacha kusambaza faili zake za Windows kupitia SourceForge, tovuti inayohifadhi miradi ya programu, na miongoni mwa sababu ulizotoa ni matangazo yaliyokuwa na vitufe vya uongo vya kupakua, ambavyo mtumiaji asiye makini angeweza kuvibofya akidhani ni vya GIMP.

Hatari kubwa zaidi ni faili lenyewe kubadilishwa. Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, mfumo huria wa uendeshaji, kupitia WordPress, zana ya kuendesha tovuti inayotumia hifadhidata na nywila, wakageuza kiungo cha kupakua toleo la 17.3 lenye mazingira ya Cinnamon ili kielekeze kwenye nakala waliyoitia mlango wa siri. Kuchapisha alama ya SHA-256, yaani ule msururu wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutokana na faili, husaidia kugundua faili lililoharibika njiani, lakini hakutoshi, kwa sababu aliyeweza kubadilisha kiungo anaweza pia kubadilisha alama iliyoandikwa pembeni yake. Kwa hiyo tia kila toleo saini ya kidijitali kwa ufunguo usiohifadhiwa kwenye seva ya tovuti, tangaza utambulisho wa ufunguo huo katika hazina ya msimbo (mahali msimbo wa programu unapohifadhiwa) na mahali pengine panapojitegemea, kisha andika amri kamili ya kuhakiki, maana wengi hawahakiki kwa kuwa tu hawajui waanzie wapi.

Tukio hilo linatupeleka kwenye uchaguzi wa zana. Miradi mingi haihitaji hifadhidata wala mfumo wa kuingia kwa nywila. Kurasa tuli, yaani faili zilizokwisha kuandaliwa ambazo seva huzituma tu jinsi zilivyo, zinazozalishwa na zana kama Hugo au Jekyll kutoka faili za maandishi zinatosha, zinafunguka haraka hata intaneti ikiwa dhaifu, na zinampa mvamizi milango michache. Hifadhi chanzo cha tovuti katika hazina ya Git, zana inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, ili mchangiaji aweze kusahihisha kosa la tahajia kwa njia ileile anayosahihishia msimbo. Cheti cha HTTPS, kinachowezesha mawasiliano kati ya mgeni na tovuti kusimbwa, hutolewa bila malipo na shirika la Let's Encrypt. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti yenyewe, hata hivyo, ningekushauri ulilipie na lisajiliwe kwa namna ambayo zaidi ya mtunzaji mmoja anaweza kulihuisha; Google Code, huduma ya Google ya kuhifadhi miradi, ilipofungwa mwaka 2016, miradi ambayo anwani yake pekee ilikuwa huko ililazimika kutafuta anwani mpya, ilhali viungo vya ile ya zamani vilikuwa vimetapakaa kila mahali.

Mwongozo wa kusakinisha ujaribiwe kwenye kompyuta safi, si kwenye ya mtunzaji ambayo tayari ina kila maktaba inayohitajika. Weka kiungo cha kuripoti hitilafu, na kando yake anwani ya faragha kwa anayegundua udhaifu wa kiusalama, kwani si jambo la kutangazwa hadharani kabla halijarekebishwa. Rangi ya maandishi itofautiane vya kutosha na ya mandhari ili yasomeke, picha ziwe na maelezo kwa wasioona vizuri wanaotumia visoma-skrini, na usipachike hati (script) za kufuatilia wageni, jambo ambalo watumiaji wa programu huria hulichukia kwa haki.

Mwisho, fanya usasishaji wa tovuti uwe hatua mojawapo ya kutoa toleo jipya, ikiwezekana kwa hati (script) inayojaza namba na tarehe yenyewe. Na siku mradi utakapokosa mtunzaji, andika hivyo juu ya ukurasa wa mwanzo, ukiweka tarehe na jina la programu mbadala unayoiamini.