Kupima na kutunza eujenoli maabarani

Eujenoli ndiyo inayoyapa mafuta ya karafuu za Pemba na Unguja harufu yake. Fomula ni C10H12O2, gramu 164.2 kwa moli, nzito kidogo kuliko maji (karibu 1.07 g/mL), na huchemka kwenye 254 °C.

Ikiwa safi haina rangi, au ina umanjano hafifu. Ikishageuka kahawia, ujue hewa na mwanga vimeifikia, usiipimie kitu. Igawe katika vichupa vya kioo cheusi, ujaze hadi karibu na shingo, uweke kwenye friji. Kabla ya kufungua, acha kichupa kipate joto la chumba, la sivyo umande utaingia. Vyombo vya plastiki ya polistirini sahau: hulainika.

Kutengeneza mililita 10 za myeyusho wa 100 mM (milimoli 100 kwa lita), pima miligramu 164.2 kwa mizani, kisha ongeza etanoli hadi kwenye alama ya mililita 10. Pipeti hudanganya, maana mafuta haya mazito hung'ang'ania ndani ya ncha. Ukizimua kwa maji kisha yakawa meupe kama tui, umezidisha eujenoli: haijayeyuka, imetawanyika matone tu. Usisahau sampuli linganishi yenye etanoli pekee.

Vaa miwani na glavu za nitrili. Huwasha macho na huleta mzio wa ngozi. Glavu ikilowa, ibadilishe papo hapo.