Kuvua trauti ziwani upepo ukivuma
Unapovua trauti (samaki wa maji baridi) kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyopambwa ifanane na mdudu, ukiwa ukingoni mwa ziwa la mlimani, kama Rutundu katika Mlima Kenya, simama upepo ukupige ubavuni (wa kushoto, kwa anayerusha kwa mkono wa kulia, maana ndoana ikipeperushiwa sikioni si mzaha), rusha mshipi kuukata upepo, kisha uuache uchukuliwe bila kuuvuta, ukikusanya tu sehemu iliyolegea. Trauti huelekea upepo unakotoka wakiokota usubi wachanga wanaosukumwa na maji ya juu, na nzi wako huwapitia kwa mwendo uleule. Tao ambalo upepo huupinda mshipi likinyooka ghafla, samaki ameshika: inua ufito wa kuvulia. Mawimbi yakianza kupasuka meupe, mshipi humkokota nzi kasi mno, hivyo fupisha mrusho.